Je, Mauser hii ya babu ni ya kabla ya Vita ya Kwanza, na je, bado ni halisi?

Swali la msomaji wa Marangu, Moshi: "Shikamoo Mzee. Marehemu baba ametuachia bunduki ya kuwindia ambayo naye aliirithi kwa babu. Katika ukoo inasemwa kwamba babu alipewa na mlowezi wa Kijerumani mwaka 1912. Juu ya mtutu imeandikwa Waffenfabrik Mauser-Oberndorf a/N, na risasi zake ni 9.3x62. Namba ya mtutu na ya mwili wa chuma zinafanana, lakini ya bolti ni nyingine. Fundi alipoitoa kwenye mbao tuliona herufi B, U na G, kila moja ikiwa na taji juu yake, pamoja na tarakimu 108,49. Pembeni kuna maneno yaliyopinda kama upinde: NOT ENGLISH MAKE. Kitako ni cha mbao nyekundu isiyo na nakshi, na nyuma ya mwili wa chuma kuna matundu mawili ya skrubu. Kitabu cha leseni cha baba kinaanza mwaka 1958. Kuna mtu wa Arusha anayetaka kuinunua, naye anasema 108,49 maana yake ni mwaka 1949, kwa hiyo si ya zamani wala haina thamani. Ukweli ni upi?"

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba. Umenirahisishia kazi, kwa sababu umetaja alama zenyewe, wakati wengi huniletea simulizi na kuuliza bei. Bunduki ya bolti ni mkusanyiko wa vipande vinavyofunguliwa na kubadilishwa: mtutu, risiva (huo mwili wa chuma unaoshika mtutu kwa mbele na kupokea bolti kwa nyuma), bolti yenyewe (kipande kinachosukumwa kuingiza risasi na kufunga nyuma ya mtutu), magazini (kisanduku cha kuwekea risasi), kitako na vilengeo. Kila kipande kina umri wake, na hatuwezi kuitaja bunduki nzima kwa mwaka mmoja mpaka tuthibitishe kwamba vipande hivyo vilitoka kiwandani pamoja. Kwa sababu hiyo swali lako la umri na swali lako la uhalisi hayawezi kujibiwa mbalimbali, nami nitayajibu kwa kufuata vipande, nikianza na kile kinachosema mengi zaidi.

Tarakimu 108,49 hazihusiani na mwaka 1949 hata kidogo. Ni kipimo cha tundu la mtutu kwa utaratibu wa kale wa Kiingereza, ambao Wajerumani waliuchukua katika sheria yao ya kukagua silaha ya mwaka 1891, iliyoanza kutumika 1893. Katika utaratibu huo, ukubwa wa tundu hutajwa kwa idadi ya gololi za madini ya risasi, zote zikiwa sawa na zenye kulingana na tundu hilo, ambazo kwa pamoja zina uzito wa ratili moja. Gololi 108.49 kwa ratili ni gololi yenye kipenyo cha inchi 0.350, yaani milimita 8.89. Mkaguzi alikuwa na vyuma vya kupimia vilivyopishana kwa sehemu moja ya mia ya inchi. Alitumbukiza kimoja baada ya kingine, na kile cha mwisho kuingia ndicho alichokiandika. Mtutu wa risasi ya 9.3, yaani ya milimita 9.3, una upana wa milimita 9.0 hivi ukipimwa kwenye kingo za ndani, kati ya mifereji inayoizungusha risasi, kwa hiyo chuma cha 8.89 kiliingia na kilichofuata, cha 9.14, kikakwama. Mtutu wa milimita 8 wa wakati huo ungeandikwa 172,28. Unaona basi kwamba tarakimu zako zinakubaliana barabara na risasi ya 9.3x62, na kwamba mnunuzi wako ama hakujua, ama alijua na akatumaini kwamba wewe hujui. Sitamhukumu, lakini nakushauri usimwachie kazi ya kutathmini.

Kipimo hicho kinatusaidia pia katika umri, ingawa si kwa mwaka kamili. Wajerumani baadaye waliacha kuhesabu kwa gololi wakaandika ukubwa wa tundu kwa milimita, hivyo mtutu wenye kipimo cha aina ya 108,49 unaegemea upande wa zamani, kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Herufi tatu zenye mataji zinaunga mkono kwa mapana zaidi. B inathibitisha kwamba mtutu ulijaribiwa kwa kufyatuliwa baruti nzito kuliko ya kawaida, U kwamba ulichunguzwa baada ya jaribio hilo, na G kwamba ni mtutu wenye mifereji. Alama hizo zilitumika tangu 1893 hadi Aprili 1940, sheria mpya ilipoleta tai mahali pa taji. Kama ungeniambia umeona tai juu ya N, tungekuwa tunazungumzia bunduki nyingine kabisa.

Kuna herufi moja ambayo hukuitaja, nayo ni N yenye taji. Hiyo ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1910 kwa ajili ya majaribio ya baruti isiyo na moshi. Mwombe fundi atazame tena, kwa taa kali na kitambaa chenye mafuta kidogo, sehemu ya chini ya mtutu karibu na unapoungana na risiva, kwa sababu unyevu wa mlimani hupenda kukaa hapo kati ya mbao na chuma na kuzila alama. Ikiwa N haipo kweli, ni sababu nyingine ya kuuweka mtutu kabla ya 1912 hivi, ila sitaki uitegemee peke yake: alama ambayo haikuonekana ni ushahidi dhaifu kuliko alama iliyoonekana.

Sasa jina la kiwanda. Kampuni ya Oberndorf, mji ulio kando ya mto Neckar (ndiyo maana ya hizo herufi a/N), ilijiita Waffenfabrik Mauser mpaka mwaka 1922, ilipobadilisha jina na kuwa Mauser-Werke. Maandishi yako ni ya jina la kwanza. Kiwanda chochote huwa na vipande vilivyobaki ghalani, na mtutu ulioandikwa mapema ungeweza kuuzwa baada ya mabadiliko, kwa hiyo mwaka 1922 nauchukulia kuwa mpaka laini upande wa juu. Upande wa chini tuna mpaka mgumu zaidi: risasi ya 9.3x62 ilibuniwa na Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, mwaka 1905, akiwalenga hasa wawindaji na walowezi walioko Afrika waliotaka risasi moja nzito, ya gramu 18.5, inayopita katika bunduki ya Mauser ya kawaida isiyo ghali kama zile za London za mitutu miwili. Mtutu wa 9.3x62 wa kabla ya 1905 haupo. Ukiviweka vyote pamoja, yaani risasi ya 1905, kipimo cha gololi, jina la kabla ya 1922 na viwanda vya Oberndorf vilivyogeuzwa kuwa vya kijeshi kuanzia 1914, utaona kwa nini naamini mtutu na risiva yako vilitoka kiwandani kati ya 1905 na 1914. Kwa namba pekee siwezi kukupa mwaka hasa. Nyumba kubwa za bunduki za Uingereza, kama Rigby, Holland & Holland na Westley Richards, zimetunza madaftari yao na huweza kukuandikia barua inayosema bunduki yenye namba fulani iliuzwa lini na kwa nani, kwa malipo; lakini kumbukumbu nyingi za Oberndorf zilipotea baada ya Wafaransa kuukalia mji huo mwaka 1945, hivyo kwa Mauser tunafanya kazi kwa kulinganisha.

Hapo ndipo maneno NOT ENGLISH MAKE yanapoingia, na kwangu mimi ndiyo alama yenye utamu kuliko zote ulizoandika. Waingereza walitaka silaha za kigeni zinazouzwa kwao zipitie kwenye nyumba zao za majaribio za London au Birmingham, na maneno hayo yaliyopinda yalitumika chini ya kanuni zao za mwaka 1925 hadi katikati ya miaka ya 1950. Maana yake haikwepeki: bunduki yenu ilikuwa Uingereza wakati fulani baada ya 1925. Karibu na maneno hayo lazima kuna alama nyingine za Kiingereza. Kama ni Birmingham, utakuta taji juu ya BV, BP au NP. Kama ni London, herufi GP zilizofungamana chini ya taji. Birmingham, kuanzia 1921, ilikuwa pia na alama ndogo ya fimbo mbili za kifalme zilizopishana, pembeni mwake herufi inayobadilika kila mwaka. Alama hiyo huwa ndogo kama punje ya ulezi na wengi huipita, lakini ukiipata na kunitumia picha yake safi, huenda tukajua mwaka hasa ambao bunduki ilipita pale.

Nini basi kinabaki cha simulizi ya 1912? Nimeishi na simulizi za namna hii kwa miaka mingi, na nimejifunza kuziheshimu bila kuzipa cheo cha hati. Kwanza, utawala wa Kijerumani, kama tawala nyingine zilizotia saini Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ulibana sana silaha zenye mifereji zisifike mikononi mwa Waafrika. Zawadi ya Mauser mpya kabisa mwaka 1912 ingekuwa jambo la hatari kwa mtoaji na kwa mpokeaji. Pili, silaha iliyokuwa Marangu mwaka 1912 ingelazimika kwenda Uingereza na kurudi ili ipate alama ile. Lisilowezekana halipo hapa: majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi Machi 1916, Wajerumani wakafukuzwa baada ya vita, na mali zao zikatawanyika, hivyo bunduki ingeweza kuchukuliwa na ofisa wa Kiingereza, ikauzwa London, ikarejea na mlowezi mwingine. Ni njia ndefu, lakini bunduki zimesafiri njia ndefu zaidi.

Lililo rahisi kuamini ni hili. Bunduki ilitengenezwa kabla ya vita, ikazunguka Ulaya, ikauzwa na mfanyabiashara wa Kiingereza baada ya 1925, na kuletwa Tanganyika na mtu aliyekuja kulima kahawa. Mtu huyo angeweza kuwa Mjerumani kweli, kwa maana Wajerumani waliruhusiwa kurudi kuanzia 1925 na walikuwa wengi pande za Moshi, Arusha na Oldeani mpaka Septemba 1939 walipokamatwa. Angeweza vilevile kuwa Mwingereza au Mgiriki, na ukoo ukamwita Mjerumani kwa sababu ya maandishi ya kwenye mtutu. Kuhusu mwaka 1912 wenyewe, nahisi kwamba mtu fulani aliyejua silaha aliwahi kumwambia babu yako kwamba bunduki hii "ni ya 1912 hivi", na kwa miaka umri wa chuma ukageuka kuwa tarehe ya zawadi. Hiyo ni dhana yangu tu. Chenye mhuri mlicho nacho ni kitabu cha 1958, nacho msikipoteze wala kukirarua kurasa, kwa sababu kwa mnunuzi makini na kwa polisi kina uzito kuliko kauli zetu zote.

Nije kwenye uhalisi. Kulingana kwa namba ya mtutu na risiva ni habari njema sana, kwani kunaonyesha kwamba mtutu haukubadilishwa, mradi namba zenyewe ziwe zimegongwa kiwandani. Zilinganishe kwa kioo cha kukuzia: umbo la tarakimu liwe lile lile, kina kiwe sawa, na kingo za tarakimu ziwe zimelainika kwa kadiri ile ile kama chuma kilichozizunguka. Namba iliyogongwa juzi huwa na kingo kali juu ya chuma kilichochakaa. Usichanganye namba ya kiwandani na namba ya usajili iliyogongwa baadaye na serikali; hiyo ya pili haipunguzi uhalisi, ni sehemu ya maisha halali ya silaha.

Chunguza pia kama risiva ilikuwa ya jeshi. Baada ya vita zote mbili mafundi wa Ulaya waligeuza maelfu ya bunduki za askari kuwa za kuwindia, na kwa jicho lisilozoea hufanana na za Oberndorf. Dalili zake ni vialama vidogo vya mataji juu ya herufi za Kijerumani cha kale upande wa kulia wa risiva, mwaka ulioandikwa juu ya duara la risiva (sehemu yake ya mbele iliyo kama pete) au mahali ulipofutwa kwa tupa, na mtutu wenye ngazi ngazi badala ya unaopungua unene taratibu. Ukipapasa juu ya duara hilo na kuhisi bonde dogo, au ukiliona likimulika mwanga bila usawa, jua kuna kitu kilisuguliwa. Kwa maelezo yako sioni dalili hizo, lakini sijaishika.

Bolti yenye namba nyingine ndiyo kasoro kubwa, tena kubwa kwa usalama kabla ya kuwa kubwa kwa thamani. Oberndorf walikuwa wakiilinganisha bolti na risiva yake kwa mkono, ili nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi iwe ndogo inavyotakiwa. Bolti ya kuazima huweza kuingia, kufunga na kuonekana sawa kabisa, huku nafasi hiyo imezidi. Ganda la risasi likipasuka humo, gesi ya moto hurudi usoni mwa mpigaji. Kwa hiyo bunduki hii isifyatuliwe, hata mara moja ya kujaribu, mpaka fundi mwenye leseni aipime kwa geji, yaani vyuma vya kupimia nafasi hiyo, za 9.3x62. Tazama pia mizizi ya mkono wa bolti na upande wa chini wa bolti yenyewe. Kama namba imesuguliwa na nyingine kugongwa juu yake, niandikie.

Mbao nyekundu isiyo na nakshi haikutoka Oberndorf. Wao walitumia walnati, ya kahawia yenye michirizi myeusi, na sehemu ya kushikia waliichora vipande vidogo vya msalaba ili mkono usiteleze. Naamini chenu ni cha mninga, kilichochongwa na seremala wa hapa baada ya cha kwanza kuvunjika kwenye shingo, ambapo 9.3 hupenda kuvunja kwa sababu ya mrudisho wake. Ukikitoa kibati cha nyuma ya kitako, pengine utakuta jina au tarehe ya fundi kwa penseli. Kuna wakusanyaji wanaodharau kitako cha namna hii. Mimi sioni haya kusema kwamba mninga uliochongwa vizuri Moshi miaka ya 1940 au 1950 nautazama kwa hamu kuliko walnati mpya iliyoagizwa ili kuficha ukweli. Msikibadilishe. Na kama vipande vya kile cha zamani viko darini, msivitie jikoni.

Matundu mawili ya nyuma ya risiva ni ya kufungia darubini au kilengeo cha tundu, na yalitobolewa baadaye. Yanashusha thamani kwa mkusanyaji, lakini hayageuzi silaha kuwa bandia. Kosa lingekuwa kuyaziba kwa kulehemu, kwa kuwa joto huharibu ugumu wa chuma cha risiva, na risiva iliyopoteza ugumu haina dawa. Vilevile msiisugue kwa msasa wala kuipaka rangi upya. Weusi wa asili wa Mauser za wakati huo ulipatikana kwa kukitia chuma kutu taratibu na kukisugua mara nyingi, nao huzeeka kuelekea kahawia iliyotulia. Weusi unaong'aa sana, unaopatikana kwa kuchovya kwenye chumvi za moto, ni wa miongo ya baadaye, na ukiukuta juu ya maandishi yenye kingo zilizoyeyuka ujue kuna aliyeisafisha. Mafuta mepesi na kitambaa cha pamba vinatosha.

Ukiniuliza niiandikie hati, ningeandika hivi: mtutu na risiva halisi za Oberndorf, za kati ya 1905 na 1914, zimepita nyumba ya majaribio ya Uingereza baada ya 1925, bolti si yake, kitako cha Tanganyika, risiva imetobolewa. Mkusanyaji wa Ulaya ataiita bunduki iliyochanganyika, na bei yake haitafikia ile ya Mauser kamili. Hata hivyo iko mbali sana na "ya 1949 isiyo na thamani", na kama bolti yake ya kwanza itapatikana katika vyombo vya marehemu, hali itabadilika. Tafuteni. Nimewahi kuona bolti zikifichwa mbali na bunduki kwa ajili ya usalama wa watoto, kisha mwenye kuficha akafariki bila kusema.

Kabla ya hayo yote, hakikisha silaha iko mahali pake kisheria. Leseni ya marehemu haihamii kwa mrithi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, familia inapaswa kutoa taarifa polisi na kuikabidhi silaha wakati mirathi ikishughulikiwa, na anayetaka kuimiliki anaomba leseni kwa jina lake mwenyewe. Mnunuzi wa Arusha naye hawezi kuichukua kwa mkono na pesa taslimu, hata kama ni rafiki wa familia. Chukueni cheti cha kifo, barua ya usimamizi wa mirathi na kitabu kile cha 1958, mwende kituoni, na mwombe stakabadhi inayotaja namba ya risiva na namba ya bolti kila moja peke yake, kwa sababu mkiandikiwa moja tu, siku ya kuichukua huenda mkarudishiwa bunduki yenye bolti ya tatu.